Siku Niliyojibu Inshallah

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na kwa kuwa begi lako nimeliona limeshafungwa pale mlangoni, heri nikusimulie leo nisije nikajuta kunyamaza. Usiniangalie hivyo. Sikukatazi kwenda kwa Waarabu. Mimi mwenyewe nilikwenda, na mama yako, dada yangu, alipojaribu kunizuia nilimnunia mpaka siku ya safari. Nataka tu uiweke hiyo simu chini kidogo, ukae, unisikilize.

Siku yenyewe ilikuwa ya mpira. Najua unanijua mimi kama mtu asiyeangalia mpira, na wajomba zako wakiuwasha mimi huinuka nikaenda nje. Leo utajua kwa nini.

Nilikuwa Riyadh, mtaa wa Al-Suwaidi, nikifanya kazi za ndani kwa mtu mmoja na mkewe. Mume nilimwita baba, mke nikamwita madam, ndivyo tulivyowaita wote tuliotoka Kenya miaka ile ambayo mawakala walikuwa wakizunguka hadi vijijini kutafuta wasichana. Jina langu, Wakesho, lilimshinda madam, akalikata mkia nikawa Wakish. Mkataba wangu ulikuwa umekwisha. Lakini mkataba kwisha si kuondoka, na hilo ulijue mapema: kafili, yaani huyo bosi aliyekuleta, asipokutolea ruhusa ya kutoka nchini, huendi popote, hata ulie namna gani. Na nyanya yako alikuwa kitandani huku Taita, figo zimemchosha, mama yako anamuuguza peke yake. Sikuwa na haja nyingine duniani. Nilitaka nimkute mama akiwa hai, nimshike mkono, basi.

Kila nilipomwuliza baba alinijibu bukra. Bukra ni kesho, na kesho ya nyumba ile haikuwa na mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Hakunipiga, hakunifungia, nami nilikula alichokula yeye. Shida yake ni kwamba hakuweza kumwambia mkewe neno ambalo mkewe hakutaka kulisikia, na madam hakutaka niondoke kabla hajapata msichana mwingine. Nilikuwa nikiomba kwa mtu ambaye naye anaomba kwa mwingine.

Kitu pekee kilichompa baba kifua ni timu ya taifa lao. Walikuwa wakitafuta nafasi ya kwenda Kombe la Dunia, na kule Asia safari hiyo ni ndefu: mataifa yanagawanywa kwenye makundi, mnacheza kwenu, mnacheza ugenini, mnasubiri wiki na wiki, kisha mnacheza tena, na mwishowe wale wa juu kwenye kundi ndio wanaopita. Siku za mechi baba alikuwa mtu mwingine. Sauti inatoka, mabega yanainuka, hata madam anamwachia njia.

Siku hiyo ninayokuambia walikuwa wanacheza palepale Riyadh. Ndugu zake baba walikuwa wamejaa kwenye majlis, kile chumba cha wageni wanaume ambacho mimi sikuingia wakiwamo. Baba akaja mwenyewe mlangoni mwa jikoni kuchukua sinia la chai. Nikaona kifua kimemjaa, nikajaribu tena kwa Kiarabu changu cha jikoni. "Baba, mama marid. Ana safar." Mama mgonjwa, mimi nisafiri. Safari hii hakusema bukra. Alinitazama, akainua kidole juu, akasema kwa furaha:

"Wakish, idha fuzna, tisafirin."

Mwanangu, sinia nilimpa kwa mikono miwili. Tisafirin nililijua, utasafiri. Na fuzna nani asiyelijua? Si ni kufuzu? Tukifuzu, utasafiri. Wakifuzu kwenda Kombe la Dunia, nami nafuzu kwenda kwetu. Sikuona cha kuuliza hapo. Lilikuwa neno letu kabisa, limevaa kilemba tu.

Jioni ile walishinda. Kelele zilitikisa vyombo kabatini. Nami nilikuwa kwenye sinki naosha vikombe, baba akaja mbio, kanzu imemwagikiwa chai, mikono kaitanua: "Wakish! Fuzna!" Kisha akasimama. Ni kule kusimama kwake ninakokukumbuka. Alisimama pale mlangoni, nyusi kaziinua, kama mtu aliyekuletea kitu na anangoja ukipokee.

Mimi nikajisemea, huyu furaha imemlevya, wamefuzu vipi na mechi bado zimejaa mbele? Lakini sikutaka kumkata stimu. Nikapangusa mikono, nikatabasamu, nikamjibu:

"Inshallah, baba."

Nyusi zikamshuka. "Inshallah?"

"Inshallah," nikakazia, na kichwa nikatikisa.

Akainua mabega, akarudi kwa wageni wake. Nami nikarudi kwa vikombe, moyo mweupe.

Nilimpigia mama yako nikamweleza, naye akamweleza nyanya yako. Ungemwona nyanya yako! Mwanamke ambaye hakuwahi kujua goli ni nini akawa shabiki wa Waarabu. Kila nikipiga simu, kabla hata ya salamu: "Timu yetu inacheza lini?" Aliwaita "vijana wangu wa kijani", kwa ajili ya jezi zao. Aliwaombea kwenye kikundi cha akina mama kanisani, kasisi akamwuliza hao vijana ni wajukuu zake au vipi, naye akajibu kwamba hao wamemshikia binti yake. Nilicheka siku hiyo mpaka madam akaja kuuliza kuna nini. Sasa nikikumbuka sicheki.

Basi nikawa nafuata makundi ya Asia kuliko baba mwenyewe. Nilipita na ufagio mbele ya televisheni ili niuone msimamo wa kundi. Namba zao haziandikwi kama zetu, na tano yao ni kiduara unachoweza kuapa ni sifuri. Mara ya kwanza nilidhani timu yetu haina kitu, nikaenda kulia stoo, kumbe ni tano. Binti wa madam alinicheka sana aliponielekeza. Ningekuwa na akili, ningejifunza hapohapo kwamba kinachofanana na chako si lazima kiwe chako. Lakini nilicheka naye, nikaendelea kufagia.

Wakashinda, wakatoka sare, wakafungwa ugenini. Walipofungwa nilishindwa kula. Na huku nyumbani sauti ya mama ilikuwa inazidi kuwa nyembamba, maneno machache, pumzi nyingi. Sikumsumbua tena baba. Niliona aibu kudai kabla ya wakati wake. Ahadi ilikuwepo, masharti nayajua, cha kufanya ni kungoja. Nilingoja vizuri sana, mwanangu. Nadhani hakuna kitu nimewahi kukifanya vizuri kama kule kungoja.

Mechi ya mwisho ikapangwa Jeddah. Baba akasema lazima awe uwanjani, akatupakia wote kwenye gari, tukafikia kwa dada yake madam, Al-Baghdadiyah, mtaa wa zamani usio mbali na bahari. Nyumba hiyo ilikuwa na mfanyakazi wao, Bi Zuhura, Mzanzibari, mtu mzima, aliyekaa Jeddah mpaka Kiarabu chake ukikisikia nyuma ya mlango hujui ni cha mgeni. Alinipokea kama mtoto wake. Wanaume wakaenda uwanjani, madam na dada yake wakakaa mbele ya televisheni, sisi tukawa jikoni tunakaanga sambusa.

Kipyenga cha mwisho kilipolia mtaa mzima ulilipuka. Honi, vigelegele, madam anaruka. Wamepita! Niliketi chini sakafuni nikalia kwa furaha, unga mikononi.

"Weye Wakesho," Bi Zuhura akasema, "mpira wa watu ndo unakuliza?"

"Naenda nyumbani, Bi Zuhura. Baba aliniahidi. Alisema wakifuzu, naenda. Namwona mama yangu."

Alifurahi, akanishika bega. Kisha akauliza, bila nia mbaya yoyote, "Alisemaje? Hebu nambie alivyosema mwenyewe."

Nikamwambia: idha fuzna, tisafirin.

Akakiweka kijiko chini. Uso ulimbadilika, nikaanza kuogopa kabla hajasema kitu.

"Mwanangu, fuzna siyo kufuzu. Fuzna ni tumeshinda. Alikuwa anakwambia mechi ileile ya siku ile, wakishinda wende zako. Hii ya leo wenyewe wanaita ta'ahhalna. Sikiliza huko nje."

Nikasikiliza. Mtangazaji alikuwa anapiga kelele, ta'ahhalna, ta'ahhalna, na madam anaitikia. Neno hilo nilikuwa nimelisikia miezi yote ile, wala sikuwahi kulijali, kwa sababu halikufanana na neno langu lolote.

"Na siku ile walishinda?" Bi Zuhura akauliza.

"Walishinda."

"Akaja kukwambia?"

"Alikuja."

"Ukamjibu nini?"

Nikainuka nikaepua sambusa zilizokuwa zinaungua.

Baba aliporudi, bendera shingoni, Bi Zuhura alikwenda kuzungumza naye kwa niaba yangu. Nilisimama nyuma yake. Niliona furaha inamtoka baba usoni kidogokidogo. Alisema siku ile ya Riyadh alikuwa ameshamkabili madam kabla ya mechi, na madam akakubali kwa shingo upande. Alisema alikuja mwenyewe jikoni kuniambia. "Nikamwambia fuzna, naye akanijibu inshallah. Nikamwuliza tena, akasema inshallah. Nikajua amebadili nia, anataka kubaki. Nikaifanya upya ikama yake." Ikama ni kile kibali cha kukaa. Alikuwa amenifungia njia akidhani ananifanyia hisani.

Na wewe unajua inshallah ilikuwa nini katika nyumba ile? Mtoto akiomba kupelekwa matembezini na hawataki kumpeleka, wanamwambia inshallah. Jirani akialika na hawataki kwenda, inshallah. Ilikuwa njia ya kukataa bila kumkataa mtu usoni. Nimeishi nao, nimewasikia wakisema hivyo kila siku, na nikasimama kwenye sinki lao nikamjibu baba kwa neno hilohilo, mara mbili, na kichwa nikatikisa.

Bi Zuhura hakunibembeleza. Alinitazama kwa uchungu, akanipa ukali wake wote. "Nguo zao wafua, watoto wao walea, hukuweza kuuliza neno moja? Hata mimi nilipokuja niliuliza kila kitu mpaka wakanichoka. Bora wakuchoke." Nilimchukia kwa maneno hayo. Baadaye nilikuja kujua kwamba naye alikuwa analia.

Baba alianza kushughulikia karatasi zangu tuliporudi Riyadh, na namshukuru kwa hilo. Lakini kwa kuwa ikama ilikuwa imefanywa upya, kila ofisi ilitaka kwanza karatasi ya ofisi nyingine. Huku nyumbani nyanya yako alikuwa ameshapata habari. Mama yako alimwambia, timu yetu imefuzu. Akaomba asogezwe kitanda dirishani, upande wa barabara. Akaomba asukwe nywele, avishwe kitenge chake cha Krismasi, kwa sababu Wakesho yuko njiani. Mama yako hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba bado nangoja muhuri.

Alifia hapo dirishani, amesukwa, na kitenge chake mwilini. Nilipofika, udongo wa kaburi ulikuwa haujatulia.

Watu waliniambia nijifariji kwamba alikufa na matumaini. Sijafarijika. Alikufa anaangalia barabara ambayo sikuwa juu yake, na ningeweza kuwa nimefika zamani, nimemsuka mimi mwenyewe. Siku nyingine najiambia baba alikuwa anasema tu, hata kama ningeelewa angenirudishia bukra zake, na wazo hilo huwa linanipunguzia kidogo. Kisha namkumbuka alivyosimama pale mlangoni, nyusi juu, ananingoja, na najua angeniachia niende. Hapo ndipo huinuka nikaenda nje wajomba zako wakiwasha mpira.

Basi nikuambie ninachotaka ushike. Huko uendako utakutana na maneno mengi yanayofanana na ya kwetu, na hayo ndiyo uyaogope kuliko yale usiyoyajua kabisa, maana usilolijua utaliuliza. Mtu akikuahidi kitu, mwulize ana maana gani, na mwulize lini, hata akikuona mjinga, hata akikasirika. Usiitikie kitu kwa adabu kabla hujakielewa. Na haja yako ya kwenda kwa mama yako usiifunge kwenye furaha ya mtu mwingine ukakaa pembeni kushangilia. Iseme, irudie, wakuchoke. Mama yako naye usimdanganye siku za kurudi. Usimpe timu ya kuishabikia.

Nimemaliza. Lete mikono yako nikuombee. Mungu akutangulie, akupe nyumba yenye watu wenye haya, akupe ulimi usioona aibu kuuliza, akurudishe ukiwa mzima na umkute mama yako amekaa nje anakungoja na siyo dirishani. Na siku utakayofuzu, mwanangu, akujalie uijue siku hiyohiyo.