Daftari la Lubugo

Mume wangu aliniachia chumba kimoja Mengo, mjini kwa Waganda, na agizo moja: nisihame. Tulikuwa tumekimbia Bukavu pamoja, na baada ya miezi michache akarudi kumchukua mama yake. "Chumba hiki ndicho ninachokijua," aliniambia. "Ukihama, nitakutafutia wapi?" Simu hatukuwa nayo. Nikakaa. Mwaka wa kwanza nilikaa kwa mapenzi, wa pili kwa ubishi, wa tatu sijui kwa nini. Nilikuwa nimenasa, na nilijua kwamba nimenasa.

Kazi iliyonilisha ni ile aliyonifundisha yeye, maana kwetu alikuwa mjalidi wa vitabu katika kiwanda cha uchapaji cha misheni. Nilitengeneza madaftari matupu ya kuwauzia wageni. Nilikunja karatasi na kuzilaza kwa mfupa wa ng'ombe uliosuguliwa hadi ukawa laini, nikatoboa mikunjo kwa sindano nene, nikashona kwa uzi uliopakwa nta, nikaupaka mgongo gundi ya unga wa muhogo. Kisha niliyafunika kwa ubao na kuukalia. Ndiyo, niliukalia. Mashine ya kubana sikuwa nayo, makalio nilikuwa nayo. Kwa hiyo hata kutoka nje nilisubiri gundi ikamate.

Mwenye nyumba, mjane wa Kiganda, alikuwa akichungulia mlangoni na kunicheka, akiniita nyabo, yaani bibi. "Nyabo, wewe nakaa ndani kama kuku na mayai!" Nilicheka naye, lakini akishaondoka nilitamani kurusha sindano ukutani. Kila nilipomsikia mtu akipita uani, niligeukia mlango, na kila mara alikuwa mpangaji mwenzangu tu na ndoo yake ya maji.

Ndipo ikaja barua ya dada yangu kutoka Nairobi. Pale anapofanya kazi walitaka mtu wa kushona vitabu kwa mkono, naye alikuwa amemwomba bosi wake aningoje hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo nafasi ingekwenda kwa mwingine. "Njoo," aliandika. "Miaka mitatu inatosha." Nilimchukia siku nzima. Alikuwa amenifungulia mlango, nami miguu haikutaka kuinuka. Je, nikiondoka leo na mume wangu akafika kesho?

Wiki hiyohiyo mwenye duka la vinyago akaniagiza dazeni moja ya madaftari yenye majalada ya lubugo, ile nguo ya rangi ya udongo inayopondwa kutoka kwenye gome la mti. Alisema wageni wanaigombania. Nikaenda soko la Owino, nikamwambia mama muuzaji nataka kipande kikubwa.

Alikuwa akipiga soga na jirani yake. Akaikatiza soga, akaweka mkono kifuani kwa huruma.

"Bambi, nyabo. Nani nakufa?"

Sikumwelewa mpaka jirani yake aliponieleza kwamba lubugo ndiyo nguo wanayomzikia mtu. Miaka mitatu katikati ya Mengo na sikulijua hilo! Ningelijuaje, mimi ambaye sikuwahi kwenda hata msibani? Jibu lilikuwa rahisi. Ni kwa ajili ya madaftari, mama, hakuna aliyekufa. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa.

"Mume wangu," nikasema.

Nililia palepale, mbele ya wateja. Yule mama akaikunja nguo niliyoinunua, kisha akavuta kipande kingine na kukiweka juu. "Hii nakupa bule. Ni mabugo yangu." Ni mkono wa pole, jirani akasema, haurudishwi. Nikarudi nyumbani nikiwa na hasira na nafsi yangu. Nilikuwa nimemuua mtu kwa mdomo wangu, na kilichonitisha zaidi ni kwamba kifua kilikuwa chepesi.

Dazeni niliimaliza kwa nguo ya kununua. Kile kipande cha bure nilikifanya jalada la daftari moja zaidi, nililolishona polepole kuliko yote. Kwenye ukurasa wa kwanza nikaandika anwani ya dada yangu kwa herufi kubwa. Kurasa nyingine nikaziacha tupu. Asubuhi ya safari ya Nairobi nikampelekea mwenye nyumba daftari hilo, pamoja na ufunguo.

Alipoliona jalada akarudi nyuma hatua moja. "Balua nakuja? Mzee nakufa?"

"Hajafa," nikasema. "Akija, mpe hili."

Akapiga magoti kama wanavyofanya wanawake wa kwao, akalipokea kwa mikono miwili, na akiwa bado chini akaanza kunipa pole. Nikamwacha aimalize pole yake.