Binti yangu kazaliwa Mombasa, mjomba akamkataa mbele ya Bwana Shauri, na hakusema uongo

Wakuu wa baraza hili la wasomaji, hamjambo. Kila wiki nasoma ya wenzangu, leo nami naweka langu. Sitii chumvi. Watu wa Bigwa, huku Morogoro, wananijua, nikidanganya watanisuta sokoni.

Mimi ni seremala, Mluguru wa mlimani. Nilikwenda Mombasa kwa Waingereza kutafuta kazi, nikapata kazi, nikapata na mke. Jina lake Mishi. Yatima huyo, kalelewa na majirani. Hana mama, hana dada, hana mtu wa kumwita wake isipokuwa mimi.

Huko huko tukazaa binti.

Sasa sikilizeni nilivyojitakia. Cheti cha safari ya kurudi nyumbani nilikichukua mapema, kikaandikwa mimi na mke wangu. Mtoto akaja baadaye. Nikaona, aa, kitoto chenyewe kinabebwa mgongoni, nani atakihesabu?

Walikihesabu.

Tuliposhuka Dar es Salaam, karani wa bandarini akahesabu vichwa, akarudia, akanitazama kama mwizi wa kuku. Tukapitishwa kwa sharti. Nikifika Morogoro niende bomani na mzee wa kwetu, ashuhudie kuwa mtoto ni wa hapa, ndipo apewe cheti chake. Asipotambuliwa, ni mgeni, na mama yake atamrudisha alikotoka.

Kumrudisha kwa nani, jamani?

Tukapanda gari la moshi. Tulipofika Mikese wachuuzi wakapandisha ndizi dirishani, naye akamkumbatia mtoto kana kwamba wamekuja kumchukua. Nikamwambia asihofu, mjomba wangu yupo, na mjomba hanitupi.

Kwa wasiotujua sisi Waluguru: mkubwa wa mtu ni mjomba, kaka wa mama yake. Baba anampa mtoto jina, lakini ukoo, shamba na hata kaburi ni vya upande wa mama. Haya nayajua tangu nanyonya. Ila mtu ukiwa na shida unasahau hata jina lako.

Basi mjomba Mloka akashuka mlimani na kanzu yake ya Idi. Nikamwamkia shikamoo, tukaenda bomani, Mishi nyuma na mtoto. Bwana Shauri, yule Mdachi mkuu wa boma, kwa mdomo wa karani, akamwuliza jambo moja tu: mtoto huyu ni wa kwenu?

Mjomba akamtazama mtoto, akampapasa shavu.

"Hapana," akasema. "Huyu si wa kwetu. Ni wa kwa mama yake."

 Nikaanza kueleza, karani akaninyamazisha. Bwana Shauri hakuwa mkali, tuseme kweli, yeye alifuata alichosikia. Akatupa nafasi mpaka mwezi uandame. Kama hakuna jipya, mama na mtoto wapande reli warudi pwani.

Nje nilimfokea mjomba, jambo ambalo kwetu halifanywi. Hakukasirika. Akaniambia aliulizwa akajibu, na huyu mtoto akikua atauliza shamba lake liko wapi. Siku hiyo nitamwonyesha nini, uongo?

Mishi alikuwa amekaa kwenye ngazi za boma ananyonyesha, machozi yanamdondokea mtoto kichwani. Wakuu, iliniuma sana.

Tukapanda mlima. Mama yangu aliposikia akasema basi, Mishi awe binti yake yeye, mambo yaishe. Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Akamwuliza kama anataka mwanawe awe amemwoa dada yake. Hata Mishi akacheka, mara ya kwanza tangu bandarini.

Shangazi yangu Sijali, dada wa marehemu baba, alikuwa pembeni. Alikuja kumwona mtoto tu. Mama huyu si msemaji, ukimtaka umfuate shambani.

"Nipeni mimi," akasema. "Mwanangu akiolewa na huyu, kuna ubaya gani?"

Mjomba akaacha kucheka. Maana kwetu binti wa shangazi ndiye hasa tunayehimizwa kumwoa! Hakuna aliyekuwa na la kupinga, hata mjomba.

Na hakuishia mdomoni. Aliita majirani, akachinja jogoo, akamkalisha Mishi mkekani katikati ya binti zake, akamfunga nguo yake mwenyewe. Kisha akatupeleka shambani, akamkatia kipande kando ya kijito, akampa jembe. Akamwambia hapa ni pake, na pa binti yake, na pa wajukuu wa binti yake.

Mjomba alisimama pale mpaka Mishi akamaliza tuta la kwanza. Mtoto wa mjini, jembe lilimtoa jasho, shangazi anamcheka huku anamrekebisha mikono.

Mwezi ulipoandama tukarudi bomani. Swali likawa lile lile. Na mjomba, Mungu amsamehe, akaanza vile vile:

"Si wa kwetu."

Nikafumba macho.

"Ni wa ukoo wa marehemu baba yake huyu mpwa wangu. Mama yake ni binti wa Sijali, shamba lake nimeliona, liko juu ya Bigwa. Ni mtoto wa mlima huu."

Karani akaandika, muhuri ukagongwa. Mjomba akaniuliza kama sasa nimeridhika. Nikamwomba radhi hapo hapo, mbele ya askari wa mlangoni.

Nilichojifunza ni hiki. Wenye watoto waliozaliwa ng'ambo, msikimbilie bomani kabla hamjakaa na watu wenu nyumbani. Boma litaandika kile ambacho kwenu wameshakikubali. Na mtoto aandikwe mapema, msiseme anabebwa mgongoni kama mimi.

Nyie mnaohesabu ukoo kwa baba, yangewakuta haya mngefanyaje? Leteni maoni, na wa kunicheka karibuni pia.

Ila kabla hamjaanza. Cheti nimekifungia sandukuni, na Mishi hajawahi kukiangalia. Juzi nilimfuata shambani nikamwuliza kama hana hamu ya kujua kilichoandikwa.

"Hicho ni cha mtoto," akanijibu. "Mimi changu nilishapewa."

Akaendelea kupalilia, yeye na mama yake.