Tope Lisiloona Jua

Kwa miaka mingi dada yangu hakumpa mtu kiganja. Ukienda kumsalimia uani kwake Nyasubi, pale Kahama, alikunyooshea kifundo cha mkono ukishike hicho, kama afanyavyo mtu uliyemkuta akifua. "Mikono michafu," alisema. Wateja walicheka, wakakishika. Lakini mimi nilikuwa nakaa naye benchi moja kanisani, na hata pale, ameoga, amevaa, amejifunga kilemba, tukifika mahali pa kutakiana amani alitoa kifundo kilekile.

Mikono haikuwa michafu. Ilikuwa imepasuka. Dada anatia rangi vitambaa, na rangi za dukani haziingii kwenye pamba kwa kubembelezwa. Zinataka soda kali, ile tunayoiita kostiki, na unga mwingine unaokata pumzi ukifungua kopo. Glovu alizijaribu, zikamvimbisha ngozi ndani kwa jasho, akazitupa. Isitoshe, anasema kitambaa kilichoiva anakijua kwa vidole, na huwezi kubishana na mtu anayejua kazi yake. Baba alipofariki nikiwa kidato cha pili, ni vitambaa hivyo vilivyonirudisha shule. Kila nilichokijua kuhusu kemia kilipita kwanza kwenye ngozi ya dada yangu.

Siku moja nilimpeleka kwa daktari wa ngozi. Daktari aliigeuza ile mikono, akasema bila kuzunguka kwamba asipoachana na dawa zile, vidole vitafika mahali vikatae kukunjika. Dada akamuuliza, "Nikiacha, nifanye nini?" Daktari akarudi kwenye karatasi zake. Njiani, kwa mdomo wangu huu unaotangulia akili, nikasema nitamtafutia rangi nyeusi isiyouma. Nilisema nyeusi kwa sababu ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya kazi yake: sketi za kwaya, nguo za msiba, vitambaa vya waganga. "Haya, mdogo wangu," akajibu, kama unavyomjibu mtoto aliyeahidi kukununulia ndege.

Ajira yangu ya kwanza ilikuwa Geita, kwenye maabara ndogo ya kupima dhahabu. Wachimbaji walileta mawe kwenye viroba, wanasimama dirishani na mabuti yao ya mpira, wanasubiri majibu. Sisi tulikausha sampuli kwenye oveni, tukasaga, tukachekecha, tukapima, tukaiyeyusha tanuruni pamoja na madini ya risasi. Mwisho wa yote, kwenye kitako cha kikombe cha udongo, kilibaki kipunje cha dhahabu, kidogo kuliko mtama. Wenzangu walikizoea. Mimi sikukizoea hata siku moja. Kila mara nilishika pumzi, nikashangaa kwamba kilo zote zile za mawe zilikuwa zimeficha kitu hicho na hazikumwambia mtu. Kuna siku msimamizi aliniuliza kama naabudu au nafanya kazi.

Somo moja lilinikaa mpaka kwenye mifupa: sampuli kwanza ikauke. Chochote kitakachoingia mlangoni, jiwe, mchanga au tope, kiende kwenye oveni kabla hujakiuliza swali lolote. Niliporudi chuoni kusomea kemia ya vitu vitokanavyo na uhai, na kuanza utafiti wa rangi za nguo zisizoumiza watu wala maji, nilikwenda na kanuni hiyo kama mtu anavyokwenda na rozari.

Nusu ya nyeusi niliipata mapema. Magome ya mgunga yamejaa tanini, kitu kilekile kinachokukausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokolea. Tanini ikikutana na chuma, zinazaa weusi. Mwagia chai hiyo kwenye kisu cha chuma, ukiache kidogo, utauona. Kilichobaki ni kupata chuma cha kufaa. Nilinunua chumvi ya chuma ya dukani, nikapata nyeusi nzuri ajabu, nikampelekea dada kitambaa kwa mbwembwe. Baada ya kufuliwa mara chache kilichanika mikononi mwake kama chapati. Ile chumvi ilikuwa imetoa tindikali, na tindikali imekula uzi. Dada alivikunja vile vipande vizuri, akanirudishia, akasema sare ya kwaya haiwezi kupasuka katikati ya wimbo.

Ndipo nilipokumbuka kapu la mama. Mama yetu yuko Kishapu, kwenye nchi kavu ya pamba na ng'ombe, na amesuka makapu tangu hajaolewa. Kapu lake la mtama lina mistari myeusi, limenizidi umri, na mistari ile haijapauka wala haijakatika. Nilimpigia simu. Weusi ule aliutia kwa kitu gani? Kwa tope. Tope la wapi? La lambo, lile bwawa la kunyweshea ng'ombe. Anafanyaje? "Unatia tu," akasema, akaniuliza kama watoto wamekula. Mama hakuwa ananificha. Alidhani namtania, maana ni kama kumpigia mtu simu umuulize maji yanachemshwaje.

Nilianza na tope la kule nilikokuwa nimezoea, la kwenye madimbwi ya pembeni mwa Geita. Bodaboda aliyenibebea ndoo alizima pikipiki kabisa ili anitazame vizuri. "Mama, mji mzima huu watu wanaosha tope wapate dhahabu. Wewe unabeba tope lenyewe?" Alikuwa na haki ya kushangaa. Lakini kwenye madimbwi yale watu huoshea dhahabu kwa zebaki, na mikono ya dada ilikuwa na sumu ya kuitosha. Nikalirudisha nilikolitoa.

Basi nikaenda Kishapu. Mama alikuwa mnadani, sikumsubiri. Nilichota tope ukingoni mwa lambo, nikatia mifukoni, nikaandika lebo, nikaondoka. Chuoni nikalikausha kwenye oveni, nikasaga, nikachekecha, nikapima. Kitambaa kikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Nikarudia, nikapata chai ya maziwa tena. Nikabadilisha magome, nikabadilisha maji, nikamgombeza fundi wa maabara ambaye hakuwa na kosa lolote. Mara ya tatu nilimwambia msimamizi wangu wa utafiti kwamba habari za tope ni simulizi za kina mama tu, na mpaka leo nikilikumbuka neno hilo masikio yanawaka moto.

Wakati wote huo dada aliendelea kutumbukiza mikono kwenye kostiki. Mwanzoni alinipigia na kuuliza, "Vipi, nyeusi yangu?" Baadaye akaacha kuuliza, akawa ananisalimia tu na kuniombea heri. Hilo liliniuma zaidi. Kisha akanipigia asubuhi moja, sauti ya kawaida kabisa, akasema kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimekataa kukunjika.

Jumamosi iliyofuata nilimchukua tukaenda Kishapu pamoja. "Mwangaluka, mayu," tulimsalimu mama kwa Kisukuma chetu cha asubuhi, na shikamoo juu yake, maana tulikuja na shida. Nilimweleza yote. Alisikiliza, kisha akauliza tope lake nililifanyaje. Nikamwambia: nililikausha kwenye oveni, nikalisaga, nikalichekecha.

Mama alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Ulilikaanga? Mwanangu, lile tope au karanga?"

Dada naye akacheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na mimi nilisimama pale na shahada zangu mbili nikisubiri wamalize. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi niliuliza kwa simu, nikadhani nimeuliza.

Nyuma ya zizi la mbuzi kulikuwa na chungu, kimefunikwa kwa gunia bichi, na juu yake kifuniko kilichozibwa kwa udongo. Nimekulia kwenye ua ule na sikuwahi kukifungua. Tuliambiwa kinanuka, na kweli kilinuka. Tope lililokuwa ndani yake halichotwi ukingoni. Linatolewa chini kabisa, pale ng'ombe wanaposimama kunywa na kujisaidia, mkono mpaka begani. Likifika nyumbani linalishwa uji wa mtama uliolala na samadi kidogo, na haliachwi wazi. "Likiona jua linakufa," mama alisema. Maneno hayo niliyasikia utotoni mara mia. Nilidhani ni maneno tu, kama kuambiwa usipige mluzi ndani ya nyumba.

Tulilaza kitambaa cha pamba kwenye maji ya magome mpaka Jumapili. Asubuhi, baada ya misa, mama akakizika ndani ya chungu, akafunika, akaenda kuchambua maharage. Maharage yalipoiva alikitoa, akakisuuza. Kilikuwa na rangi ya jivu. Jivu tu, na si jivu zuri. Dada alikitazama, kisha akaitazama mikono yake. Nilitamani ardhi inimeze.

"Tulieni," mama akasema, akakitandaza kwenye waya wa uzio.

Upepo ulikuwa mdogo. Weusi ulianza kwenye pindo, halafu ukatokea katikati, mahali ambapo maji yalikuwa yameisha, ukasambaa kama mvua ya kwanza inavyolowesha uwanja, tone hapa, tone pale, kisha pote. Hakuna aliyekuwa anakigusa. Tulisimama watu wazima watatu mbele ya kitambaa, na kikawa cheusi machoni petu, weusi wenye ubuluu ndani yake, weusi wa kapu la mtama.

Nililia, na siwezi kusema nililia kwa kitu kimoja. Kwa upande mmoja nilikuwa nimeelewa. Ndani ya chungu kile kuna viumbe wasioonekana kwa macho, wanakula uji wa mama, na kwa kuwa wamenyimwa hewa, wanatumia chuma cha udongo pale ambapo sisi tungetumia hewa. Chuma kikipita kwao kinalainika, kinayeyuka, kinaweza kuingia mpaka moyoni mwa uzi na kukutana na tanini. Kisha unakitoa kitambaa nje, hewa inakuja, na mlango unafungwa chuma kikiwa ndani. Oveni yangu ilikuwa imeua wale viumbe na kukipa chuma hewa kabla ya wakati. Nilikuwa nimefunga mlango chuma kikiwa bado nje.

Kwa upande mwingine sikuelewa kitu. Nani alikaa kando ya lambo, kabla ya mama na mama wa mama, akavumilia harufu ile, akaona jivu, na hakulitupa? Nani alingoja? Dhahabu ya Geita ilinifanya nishike pumzi. Kwa hili nilipatwa na hofu, hofu ile ya kanisani, unapojua umesimama mbele ya jambo lililokutangulia na halikuhitaji.

Dada alikuwa ameshaondoka pale kwenye waya. Alikwenda moja kwa moja kwenye chungu, akakunja mikono ya gauni, nami nikamdaka. "Dada, vidonda na tope la ng'ombe havikai pamoja. Usiguse." Nilijua ninachosema, na bado uso alionionyesha ulinifanya nijione mwizi. Alirudi akakaa. Mama akampa mwiko mrefu wa kupikia pombe, akamwambia mikono ipone kwanza, tope halina haraka.

Tuliondoka na nusu ya lile tope la chunguni, limefungwa tabaka tatu. Majirani wa Nyasubi walilalamika kuhusu harufu mpaka wakachoka. Dada alilisha tope lake kila jioni kabla hajala yeye, na alifanya kazi yote kwa mwiko. Kostiki aliiacha, na pamoja nayo rangi nyingine zote, akabaki na nyeusi peke yake, na wateja waliotaka nyekundu akawaelekeza kwa wenzake. Nyekundu bado naitafuta. Hata nyeusi yenyewe sijamaliza nayo: nina vitambaa kwenye kabati la chuo ninavyovivuta kila baada ya miezi kuona kama chuma kitachosha uzi, maana kapu si shati, halifuliwi. Mpaka sasa vinashikilia. Sikaushi chochote siku hizi kabla ya kuuliza kinatoka wapi na nani amekitunza, na wanafunzi wangu wananiona nina wazimu kidogo.

Juzi nilipita Kahama bila taarifa. Dada alikuwa uani, ameinama kwenye chungu kikubwa kipya, na mwiko ulikuwa umesimamishwa ukutani. Nilimwamkia. Kwa mazoea niliupeleka mkono wangu juu kidogo, mahali pa kushika kifundo.

Alitoa mikono yake chunguni, akajifuta kwenye khanga, akanipa kiganja. Kilikuwa cha baridi, kinanuka lambo, weusi umeingia kwenye kucha na kwenye kila mstari, na ngozi ilikuwa nzima. Kile kidole cha shahada hakikukunjika. Vingine vinne vilinishika kwa nguvu.

"Mikono michafu," akasema.

Safari hii ilikuwa michafu kweli. Sikumwachia.