Mwizi Aliyeniuliza Kama Nimekula

Mwizi wangu alikuwa akinipigia simu kila asubuhi saa tatu, na mimi nilikuwa nachana nywele kabla hajapiga.

Chekeni tu, sikasiriki.

Miaka thelathini na moja nilikuwa opereta wa simu. Mtu akiuliza namba, naisoma tarakimu mbilimbili, taratibu, kisha narudia. Sijawahi kukosea. Sasa nimestaafu, nakaa peke yangu, na simu yangu naitumia kutazamia saa.

Siku moja meseji ikaingia: kadi yangu ya benki imenunua viatu vya kiume kwenye duka nisilolijua. Kabla sijakaa vizuri, simu ikaita.

"Shikamoo mama. Napiga kutoka benki, kitengo cha kadi. Kuna mtu anachezea kadi yako. Umekula lakini?"

Swali hilo nilikuwa sijaulizwa tangu nimzike mume wangu.

Akasema nimsomee namba iliyoingia sasa hivi kwenye meseji nyingine ili azuie wizi. Nikamsomea mbilimbili, nikarudia. Kazi ni kazi.

Wiki mbili alipiga kila siku. Tuliongea habari za goti langu, za mvua, za chai isiyonoga ukiinywa peke yako. Mwishoni aliomba namba nyingine. Nikasoma.

Nilipokwenda benki kutoa pesa ya kupasuliwa jicho, akaunti ilikuwa imekauka.

"Mama, sisi hatupigi simu kuuliza namba," akasema dada wa dirishani.

"Wala kuuliza kama mtu amekula?"

Akainamisha macho. Kisha akasema nimtajie namba ya yule kijana. Wakimpata, huenda pesa ikarudi. Simu niliiacha nyumbani, lakini namba nilikuwa nayo kichwani. Nikamsomea.

Jioni mwanangu akapiga, baada ya miezi minne.

"Mama, unampaje mtu usiyemjua siri za kadi?"

"Ungeziomba wewe ningekupa."

"Benki wamenipigia, wanasema namba uliyowatajia haipo. Ulikosea?"

"Uzee, mwanangu."

Sikukosea. Mbili za mwisho nilizigeuza kwa makusudi.

Kesho yake saa tatu nilichana nywele, nikakaa. Simu haikuita. Jicho bado lina ukungu.

Wewe unayesoma, usimtajie mtu namba za meseji, hata awe na sauti tamu namna gani. Na kama una mzazi anayekaa peke yake, mpigie leo, muulize kama amekula. Usimwachie mwizi kazi hiyo.