Waliobaki Kwenye Benchi

Kwa miaka ishirini na sita Fundi Saa alikaa kwenye kibanda chake, lenzi jichoni, na watu wakamwachia saa zao wakaenda zao. Wengine walisahau hata kuzifuata. Hakuna aliyewahi kukaa amchunge.

Kisha kinyozi wa mlango wa pili akaropoka. Walikuwa wamekorofishana kwa sababu ya kibao cha kinyozi, kilichomzibia fundi mwanga. Basi kinyozi, mkasi mkononi, akasema mbele ya wateja sita: "Yule ni mwizi! Ukimpa saa anang'oa mashine yote, anakutilia bandia."

Midomo ya watu, jamani! Ajabu ni kwamba hakuna mteja aliyehama. Walikuja vilevile, tena wengi zaidi. Ila sasa hawakuondoka. Walibanana kwenye benchi, macho kodo, wakifuata kila skrubu. "Fanya tu, fundi, sina haraka." Hata shangazi yake mwenyewe alikaa. Hilo lilimkata maini.

Akaenda mahakamani. Wakili wa kinyozi akamrukia. "Umepoteza mteja hata mmoja?"

"Hapana."

"Sasa hasara iko wapi?"

Fundi akalifikiria benchi lake lililojaa. Benchi utalipelekaje mahakamani?

Hakimu, mama mmoja mtulivu, ndiye aliyemwokoa. Kashfa ya mdomo, alisema, kwa kawaida hudai ushahidi wa hasara. Lakini ukimwita mtu mwizi, au ukimchafua katika kazi inayomlisha, sheria haimwambii alete hasara yoyote. Maneno yenyewe yanatosha. Kinyozi akaamriwa alipe fidia na aombe radhi palepale aliporopokea. Akaomba kwa sauti ndogo, mteja akisubiri na ndevu nusu.

Kesho yake fundi alifungua mapema. Wateja wakaja, wakampongeza, wakampa saa, wakaketi. Shangazi naye akaketi.

"Umemkomesha, mwanangu," alisema, jicho halibanduki kwenye bisibisi.

Alasiri akaingia kinyozi. Hawakuwa wamesemeshana tangu mahakamani. Akavua saa yake, akaiweka mezani.

"Imesimama tangu juzi. Nitaifuata keshokutwa."

Akageuka aende zake.

"Kwani wewe hukai?" fundi akamuuliza.

"Nikae nifanye nini?" kinyozi akasema. "Ule uongo si niliutunga mwenyewe?"

Akaondoka. Kwenye benchi hakuna aliyeinuka.