Chumvi ya Kantini

Mama wa kantini ya kiwanda chetu cha sukari hupokea kuponi ya chakula kwa vidole viwili vilivyolowa, huichana pembe na kuitia mkebeni. Kisha hukupakulia obusuma, ugali wa kwetu, na maharagwe, hungoja uonje, na kukuuliza kwa sauti ya chini, "Chumvi imetosha?" Miaka yote nilidhani ni salamu yake. Leo nikamtania, "Si uonje mwenyewe, mama?"

Akatupia jicho mlango wa meneja. "Mwenye hana kuponi hakulangi hapa, hata kijiko kimoja. Na sisi wa jikoni hatupewangi."

Nikaonja tena ili nimjibu vizuri. Yeye alikuwa ameshamgeukia mwenzangu wa nyuma, akiutazama mdomo wake ukitafuna.