Gita la Wawira, na mama yake aliyesema atakuja

Bado akili yangu inakataa. Nikiandika "Wawira alikuwa", kidole kinarudi kufuta.

Kwa mnaonifuata hapa na hamkumjua: Wawira aliuza dawa za mifugo kwenye agrovet moja Kianjokoma, na Jumapili alipiga gita la umeme katika kanisa letu. Nimonia ilimchukua haraka kuliko mafua yangu ya kawaida. Juzi tumemzika kwao, Kibugu.

Sikulia sana. Watu wameniuliza kuhusu hilo. Naandika tu ninachokumbuka.

Jumamosi moja alikuja kwangu na gita mgongoni na mkanda wa taa ndogo, zile watu hubandika nyuma ya televisheni. "Nataka liwake kutoka ndani," alisema.

Nikamuuliza kwa nini.

"Mum hawezi kuja kusikia gita. Labda atakuja kuona."

Kanisa la mama yake huimba kwa ngoma na makofi. Gita kwao ni kitu cha baa. Mama hakuwahi kumkataza, wala hakuwahi kuja. Kila akialikwa alisema, "Nitakuja," akaendelea kuchuma chai.

Mimi nilisomea uhandisi wa umeme, na siku hizi kazi yangu ni kujibu email ofisini Embu. Wawira alijua nimechoka nayo. "Wewe ni technical, mimi ni project manager," aliniambia. "Deadline ni ibada ya mavuno. Hiyo siku ameahidi."

Tulitoa nyuzi, tukafungua kifuniko cha mbele. Ndani ya mbao tukachimba mfereji wa kulaza taa, na shimo la betri tatu za redio. Wawira alishika patasi kama anamenya nduma.

"Polepole, utaiumiza," nilimwambia.

"Wacha wewe. Wagonjwa wangu huwa ni ng'ombe na hawalalamiki."

Kifuniko kipya alikikata kutoka bango kuukuu la saluni ya shangazi yake, plastiki inayopitisha mwanga. Ukitazama vizuri ungesoma "BRAI", kipande cha neno "BRAIDS", chini ya nyuzi. Alikataa katakata tuzikwangue hizo herufi. "Huyo ndiye sponsor."

Tulipoliwasha mara ya kwanza, spika ililia kama mzinga wa nyuki. Kile kidude cha kubadilisha rangi kilikuwa kinapeleka kelele kwenye sumaku za gita. Nilimwambia tunahitaji kulivika shimo karatasi ya foil, ile ya rangi ya fedha. Wiki iliyofuata akaleta mifuko ya majani ya chai, ile yenye fedha ndani, ameikusanya kwa majirani wote.

Nikaenda kupokea simu. Kurudi, ameshafunika kila kitu, hadi vichwa vya nyaya na swichi. Tukajaribu. Taa ziliwaka vizuri sana. Gita halikutoa hata mlio mmoja.

"Fedha imegusa nyaya. Umelinyamazisha kabisa, Wawira."

"Si ulisema kelele iishe?"

Alicheka hadi akakaa chini. Tukaacha gita likiwa wazi mezani, tulimalizie Jumamosi. Jumamosi hiyo alikuwa wodini, na oksijeni puani.

Kwenye kamati ya mazishi, mmoja wetu alipendekeza gita liwekwe karibu na jeneza. Baba mdogo wa Wawira ndiye alikuwa mwenyekiti. "Hapa hatufanyi show," alisema. "Mama Wawira ni mtu wa kanisa lake. Tusimletee aibu mbele ya watu." Mama Wawira alikuwa pale pale anamenya viazi. Hakuinua kichwa.

Sikubishana. Nilirudi nyumbani, nikabandua fedha kwenye swichi, nikachomelea waya uliokuwa umeachia, nikafunga skrubu. Hakuna aliyeniomba. Ilikuwa kazi, na nilihitaji kazi.

Siku ya mazishi waliimba kwa ngoma. Waliimba vizuri.

Jana nilienda kusaidia kuosha sufuria na kurudisha viti. Mama Wawira akaja kando yangu kwenye karo.

"Ile kitu mlikuwa mnatengeneza na Wawira, iliisha?"

"Iliisha, mama."

"Iko wapi?"

"Iko kwa gari."

"Ilete jikoni."

Ilikuwa mchana kweupe na taa hazikuonekana. Akafunga mlango, akatundika leso dirishani. Nikawasha tena. Mwanga wa kijani ukapanda hadi kwenye masizi ya ukuta. Akaleta kiganja karibu, akakirudisha, kisha akakiweka juu ya plastiki.

"Haichomi?"

"Haichomi."

"Ni yeye alichagua hii rangi?"

"Ni yeye. Alisema ni ya shamba lako."

Nje watu walikuwa wakigombania kamba ya hema. "Mimi nilimwambia nitakuja," akasema. "Si nilimwambia?"

Hakuwa ananiuliza mimi.

Kisha akaniambia nilipige kidogo. Nikamwambia sijui kupiga, mimi nilifunga nyaya tu. Hapo jirani akabisha mlango, anatafuta mwiko. Nikazima haraka, maana nilimkumbuka mwenyekiti na ile aibu yake.

"Ngoja hapo nje," Mama Wawira akamwambia yule jirani kwa sauti. "Niko na mgeni wa Wawira."

Akavuta kigoda, akaketi mbele ya gita, akapanga sketi yake magotini jinsi watu wanavyofanya ibada ikikaribia kuanza.

"Washa," akasema.

Wawira, amekuja. Alikaa mbele kabisa, na hakuwa na haraka. Pumzika sasa, rafiki yangu.